Vichane Sita kwa Ambakisye

Jumamosi jioni, mwezi wa nne. Mvua imeanza jana mchana na mpaka sasa haijanyamaza. Ukungu umeshuka hadi dirishani, soksi zangu zinaning'inia juu ya jiko la mkaa na hazikauki, na mimi nina hasira. Naanza na hasira makusudi. Nikianza na lile jingine sitafika mwisho wa ukurasa.

Leo nilikuwa Kawetele, nyumbani kwa kina Ambakisye. Familia ilikaa kugawa nguo zake.

Ambakisye amekufa.

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani tangu tumzike, lakini hapa kwenye blogu ndiyo mara ya kwanza kuiandika. Amba. Rafiki yangu, mbishi wangu, mtu pekee katika Rungwe nzima niliyeweza kumpigia simu na kumwambia "sikiliza gitaa la pili pale katikati" na akajua naongelea nini.

Kama umeingia hapa kwa bahati mbaya ukitafuta mapishi, pole: hii ni blogu ya muziki wa metali. Magitaa yanayonguruma, ngoma za kasi, waimbaji wanaobweka. Naiandika kutoka steshenari ninakofanya kazi, mtaa wa Bagamoyo, hii Bagamoyo yetu ya Tukuyu mjini, katikati ya kupiga fotokopi za vyeti vya watu. Wasomaji wangu wote wanaenea kwenye Noah moja na siti zinabaki. Amba alikuwa msomaji wa kwanza na mlalamikaji mkuu.

Metali ilitufikia kwa njia ya mitumba. Amba alikuwa mbeba ndizi, anapakia mikungu kwenye malori yanayokwenda Dar. Utomvu wa ndizi ukigusa nguo umegusa, hautoki hata uifue kwa hasira, kwa hiyo kwenye marobota ya mitumba alikuwa anachagua fulana nyeusi tu. Na fulana nyeusi za mitumba, aisee, nyingi zina mafuvu na maandishi yasiyosomeka, utadhani mizizi ya mti. Siku moja akaingia steshenari, akaivuta fulana kifuani na kuniambia, "Dada, hebu nitafutie hawa ni akina nani." Tulihangaika mpaka tukawapata. Nilipobonyeza, mimi nilifikiri spika imekufa. Yeye alisimama pale na matone ya mvua usoni, anatabasamu kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake.

Tukaanza kuhakiki. Yeye anasema, mimi naandika, wote tunagombana. Alama yeye ndiye aliyezibuni: vichane, vile vishada vya ndizi vinavyopangana kwenye mkungu. Kila albamu inapewa vichane kati ya kumi, kama mkungu. Kumi hatujawahi kumpa mtu. Amba alikuwa anasema mkungu wa vichane kumi usipouwekea nguzo unaangusha mgomba, kwa hiyo tusije tukaua watu bure. Nane tulitoa mara moja tukajuta.

Baadaye akataka kupiga mwenyewe. Gitaa la umeme lililokuwa karibu ni la kwaya ya vijana kanisani kwao.

Amba akajiunga na kwaya.

Msicheke. Aliwatengenezea spika yao iliyokuwa inakoroma, wakampenda, wakamwachia ufunguo. Mazoezi yakiisha na wenzake wakienda zao, anabaki peke yake anaifungulia ile mitambo mpaka popo wanahama darini. Ngoma alizitengeneza kwa simu.

Wimbo wake wa kwanza tuliutuma kwenye tovuti moja ya ng'ambo, nao wakauhakiki. Walisema inafurahisha sana kuona metali imefika hadi vijiji vya Afrika, kisha wakauliza ngoma za asili ziko wapi. Kuhusu gitaa, kimya. Gitaa lenyewe nyuzi hazikukazwa sawasawa, hata kiziwi angejua, na hawakusema! Mimi mjinga nilifurahi, nikataka kuutoa kopi niubandike ukutani. Amba alinuna. "Wamenisifu kama mtoto aliyeweza kwenda chooni mwenyewe," alisema, na siku kadhaa hakushika gitaa.

Mawazo yangu yote kuhusu uhakiki wa muziki yametoka kwenye ule mnuno wake. Mtangazaji anayesema metali ni kelele tupu na siyo utamaduni wetu, huyo hajasikiliza. Na yule wa ng'ambo anayekupigia makofi kwa sababu umetoka mbali, naye hajasikiliza. Wote wawili wameishia kwenye fulana. Mhakiki ni mtu aliyekaa na wimbo mpaka akajua unavujia wapi, akarudi kumwambia mwenyewe. Mengine ni matangazo ya biashara.

Mwaka huu figo za Amba zikagoma. Alilazwa hospitali ya Igogwe, nami nilikuwa naenda kila nikipata upenyo. Manesi walimzoea, wakawa wanamtania kwamba mgonjwa huyu anatikisa kichwa hata akiwa na dripu. Siku moja, nimekaa ukingoni mwa kitanda chake, akanitumia nyimbo nne kwenye simu. Alizirekodi kabla hajazidiwa.

"Tumpe," akaniita kwa jina langu, "hizi uzihakiki. Usinionee huruma. Andika kama vile aliyeimba humjui."

Nikamwambia apone kwanza nipate kumchana vizuri. Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akatikisa kichwa. Hapana, andika tu. Nikaahidi.

Sikuweza. Kila nikikaa kuandika, vidole vinatoa sifa. Eti kipaji cha pekee, eti sauti ya kizazi. Ningemsomea upuuzi huo angenirushia mto. Nikawa nafuta, naandika, nafuta, na huku yeye anazidi kukonda. Akaondoka sijamaliza hata aya moja.

Sasa, kwetu mtu akifa lazima wasifu wake usomwe kabla ya kuzikwa. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alipenda nini. Na wasifu unachapwa wapi kama siyo steshenari? Aliyekuja ni baba yake mdogo, mzee Anyitike, karatasi ameificha kwapani isilowe. Hakujua mimi na marehemu tulikuwa nini. Nikakaa kwenye kompyuta ile ile, nikachapa: marehemu alikuwa mpenzi wa nyimbo za injili na mpiga gitaa hodari wa kwaya ya vijana. Nikachapa vile vile ilivyoandikwa, nikarekebisha koma, nikatoa kopi. Ningesema nini? Mzee wa watu, macho mekundu. Na wala siyo uongo kabisa, hilo ndilo lililonichoma. Ulipokuwa unasomwa pale uwanjani watu waliguna kwa kukubali, na mimi natazama viatu vyangu. Nilijisikia kama namzika mtu nisiyemjua.

Ndiyo maana leo nilikwenda na moyo mzito.

Walitandika turubai sebuleni, nguo zikamwagwa juu yake. Suruali, masweta na lile koti lake la mvua viligawanywa haraka, kila ndugu na cha kumkumbukia. Likabaki rundo la fulana nyeusi. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Anyitike akainua moja kwa ncha za vidole, fuvu linamkodolea, akanigeukia.

"Binti, nasikia wewe ulikuwa naye karibu. Haya maandishi yanasemaje? Huyu mtoto alikuwa anaabudu nini?"

Shangazi mmoja akadakia kwamba zichomwe tu, ya nini kujitafutia mabalaa. Mama yake Amba alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge begani, tangu asubuhi hajasema kitu. Akanitazama.

Jamani, uongo ulikuwa tayari mdomoni. Ni mitindo tu ya vijana, mzee, haina maana. Ungepita vizuri sana. Fulana zingepona, chai ingeletwa, ningerudi mjini. Na hapo Amba angekuwa amesomewa wasifu mwingine wa kubuni, safari hii niliouandika mimi.

Nikasema, "Hayasomeki, mzee. Hata sisi tunaoyapenda hatuyasomi. Ni majina ya bendi. Hakuwa anaabudu kitu kibaya, alikuwa mwanamuziki wa hii miziki. Kwenye kwaya alifuata gitaa." Kisha, kabla woga haujanishika, nikatoa simu na kuweka wimbo wa nne.

Wimbo wa nne aliurekodi kwenye baraza ya nyumba ile ile tuliyokaa, kwa Kinyakyusa. Unaanza na mvua juu ya bati. Linaingia gitaa, halafu sauti yake ile ya kutoka chini ya tumbo, inakwaruza, anaimba juu ya mgomba unaokatwa ukishazaa. Katikati anakohoa, anaendelea. Na mwisho kabisa, nyuma ya gitaa, kwa mbali, unamsikia mwanamke anamwita aje kula, ndizi zinapoa.

Shangazi aliziba masikio. Mzee Anyitike alikunja uso kama aliyetafuna pilipili. Ukaisha, ikabaki mvua ya kweli juu ya bati lile lile.

"Huyo anayeita ni mimi," mama yake akasema.

Shangazi akaondoa mikono masikioni.

"Sijaupenda," mama akasema tena. "Rudisha."

Nikarudisha. Akasikiliza amefumba macho, mikono magotini. Ulipofika kwenye kikohozi aliinama. "Kelele kweli kweli. Sijaupenda kabisa," akasema, na machozi yanamtiririka wala hayafuti, "rudisha, mwanangu." Tukaurudia mpaka simu ikaanza kulia chaji, na katika sebule nzima hakuna aliyethubutu kusema inatosha.

Fulana hazikuchomwa. Mama alichukua yenye yale maandishi kama mizizi, akaivaa pale pale juu ya gauni. Mzee Anyitike alibaki na ya fuvu, akaigeuza ndani nje, akasema itamfaa bandani kwa nguruwe. Nilimwona anavyoikunja lakini, taratibu, mikono miwili. Shangazi hakuchukua, na ni haki yake. Mimi nimepewa moja imekakamaa begani kwa utomvu, pale alipokuwa anaweka mkungu. Nimeivaa hivi ninavyoandika na ni kubwa kwangu.

Basi Amba, uhakiki wako huu hapa. Umechelewa, nisamehe.

Wimbo wa kwanza: nyuzi hazikukazwa, tena, pamoja na kelele zote nilizokupigia. Ngoma za simu zinasikika kama mtu anawakatia ng'ombe majani. Wa pili ni mrefu bila sababu; ulikuwa umeshaisha katikati, wewe ndiye hukuona. Wa tatu ni mzuri. Lile gitaa la mwanzo ningeliiba kama ningejua kupiga. Wa nne umerekodiwa vibaya: mvua imemeza nusu ya maneno, mwimbaji anakohoa, na kuna mtu anaitwa kula. Angekuwa mgeni ningeandika kwamba ni uzembe, kwa nini hakurudia. Najua kwa nini hukurudia. Lakini uliniambia niandike kama sikujui, kwa hiyo naandika: angerudia. Nimeusikiliza zaidi ya wimbo wowote maishani mwangu na bado nasema angerudia.

Naona aibu kuandika haya. Nalia pia, kama unataka kujua.

Vichane sikuvipangia hapa. Nilivitoa kule kule Kawetele, wakati wa kuondoka. Mama alinisindikiza mpaka njia kuu, tumejifunika turubai moja, fulana nyeusi juu ya gauni lake la maua. Tulipofika kwenye kona akasimama.

"Alikuwa ananiambia wewe unawapa watu vichane," akasema. "Yeye umempa vingapi?"

Nilitaka kusema kumi. Mungu wangu, nilitaka. Nani angenidai? Mama angefurahi, mimi ningelala usingizi, na Amba angeninunia milele huko aliko.

"Sita, mama."

Akatazama chini. Mvua ilikuwa inagonga turubai juu ya vichwa vyetu na mimi nikaanza kujuta.

"Sita kwa kumi," akasema polepole, kama anaisoma ripoti ya shule. "Hapo amefaulu?"

"Amefaulu, mama."

Akatikisa kichwa kwa kukubali, akajifuta uso kwa ncha ya ile fulana.

"Haya. Nitamwambia," akasema. Akaniachia turubai lote, akashika njia ya kule migombani tulikomlaza.