Nyuzi za Shingoni mwa Mwalimu

Nyumbani, nyuma ya ofisi za simu,
Jumapili, 6 Aprili.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kwa raha, goti limetulia na wajukuu hawajakumaliza. Mkaza mjomba hajambo? Kile kikohozi chake kimeondoka?

Sisi tu wazima. Mama, dada yako, ana afya njema, na ulimi wake una afya kuliko yeye. Mimi bado nashinda kwenye mashimo ya barabarani nikiunga nyaya za simu. Mvua ikinyesha natoka, ikikatika narudi.

Najua unachongoja ni habari za dada yangu, Mwalimu. Nivumilie nizipange vizuri, nisije nikaitwa mropokaji kama kawaida yako.

Mwaka juzi alipowekewa kifaa cha kuzuia kifafa, ulisema wamemfunga redio kifuani. Basi si redio, Mjomba. Ni kibati kidogo kama saa ya mkononi, kimelala chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake unapanda hadi kwenye neva moja ndefu ya shingoni iitwayo vagasi. Kila baada ya dakika tano kinaipa neva hiyo umeme kidogo kwa nusu dakika, na ubongo unatulia. Kifafa kilipungua kweli. Lakini neva hiyohiyo ndiyo inayobeba nyuzi za koo, kwa hiyo kila umeme ulipopita sauti yake ilikwaruza, mara nyingine ikapotea kabisa.

Hebu fikiria, mwalimu asiye na sauti mbele ya watoto hamsini na wawili wa darasa la kwanza! Hakumwambia mtu. Hospitali walikuwa wamempa sumaku ya kukinyamazisha kifaa kukiwa na dharura. Yeye akawa anaibandika kwa plasta ndani ya gauni kila asubuhi, anaibandua kengele ya mwisho ikilia. Muhula mzima alifundisha kwa sauti safi, na kifafa kikarudi. Madaktari wakazidi kuongeza umeme bila kujua kwamba mchana kutwa kifaa kimezimwa.

Siku alipoanguka ubaoni na kupasuka paji la uso, muuguzi aliyemfungua gauni ndiye aliyeiona sumaku. Nilimkasirikia sana dada yangu. Yeye akaniuliza tu, “Wewe ukikatwa mikono, utaendelea kuitwa fundi?” Mwalimu mkuu naye akampa muhula mmoja: akianguka tena mbele ya watoto, anahamishiwa stoo ya vitabu.

Hapo ndipo daktari wa neva, mama mfupi asiyemaliza maneno matatu bila kusema “tutaona”, alipotueleza kuhusu kifaa kipya wanachokijaribu kwa watu wachache. Waya wake unaishia kwenye kikuku laini kinachoizunguka neva, na ndani ya kikuku mna vipande kumi na vinne vya chuma, kila kimoja kinawashwa peke yake. Alisema neva ile si kamba moja. Ni maelfu ya nyuzi zilizofungwa pamoja, na kila uzi una safari yake: huu unakwenda kwenye moyo, huu kwenye koo, huu tumboni, huu unarudi ubongoni. Anayejua kuchagua anaweza kuziamsha za ubongoni, akaziacha za koo zilale.

Mjomba, nywele zilinisimama. Hiyo si ndiyo kazi yangu? Kebo ina jozi mia mbili za nyaya zinazofanana, mwenzangu anatuma mlio kutoka upande wa pili, mimi nagusa moja moja hadi niupate. Miaka yote nimeiona kuwa kazi ya watu wa matope. Kumbe Mungu alikuwa ameshatandaza kebo yake shingoni mwetu, nyembamba kuliko penseli, tangu tukiwa tumboni.

Mwalimu alikubali, na wiki mbili baada ya upasuaji wa kumwekea kifaa hicho tuliitwa kwenye kipimo. Chumba kidogo, kitanda kimoja, kompyuta moja, feni inayolia. Daktari akamtaka Mwalimu azungumze mfululizo chochote anachokijua kwa moyo, naye akaanza kuita rejista ya darasa lake. Kipande cha kwanza, sauti ikakatika. Cha pili, kikohozi. Cha tano, moyo ukapunguza mwendo kwenye kioo cha kompyuta, daktari akazima upesi, na Mama akaukamata mkono wangu hadi leo una alama.

Cha tisa, Mwalimu akaendelea kuita majina, sauti imenyooka. Nikadhani kifaa kimezimwa. Daktari akatuonyesha kioo: umeme ulikuwa unapita, tena wote. Mwalimu mwenyewe hakuhisi kitu. Akafika jina la hamsini na mbili, akauliza, “Mbona hiki hamkiwashi?” Daktari akapiga mstari chini ya namba tisa, na mara hii hakusema tutaona. Mwanadamu ameumbwa, Mjomba!

Sasa ni wiki ya kumi na moja, hajaanguka hata mara moja. Si kila mtu amefanikiwa. Mgonjwa mmoja kati ya wenzake bado anahangaika, nasi tunamwombea. Muhula ulifungwa Ijumaa, Mwalimu akiwa darasani kwake.

Jana niliweka viatu vyangu vya matope juu ya madaftari aliyokuwa anasahihisha. Alinigombeza kuanzia mlango wa jikoni hadi getini, dakika saba kwa saa ya ukutani, bila kukwaruza hata neno moja. Nilisimama nikamsikiliza hadi mwisho, machozi yakinitoka. Akadhani nimejuta.

Msalimie sana mkaza mjomba, binamu Kinyozi, na yule mjukuu mnayemwita Bosi. Mama anakusalimu na anasema umezidi uvivu wa kuandika. Mungu awalinde, awape usingizi mwema na riziki isiyo na karaha.

Ni mimi mpwa wako akupendaye,
Fundi