Tone Katika Jicho la Kushoto

Jumatatu, 6 Machi

Saa tano asubuhi tone la virusi limeniingia jicho la kushoto. Naandika kama ilivyokuwa. Nilikuwa natoa mirija kwenye mashine ya kuzungusha. Miwani ya kinga imeshika ukungu, nikaipandisha kwenye paji la uso — sekunde mbili tu! — na kifuniko kikafyatuka. Si damu ya mgonjwa. Ni VVU tulivyovikuza wenyewe maabara, vingi, vimekolezwa.

Nimeosha jicho dakika kumi na tano. Moira, mkuu wetu, kanishikilia kope. Saa sita na nusu nikameza vidonge vya kwanza. Viwili kila siku, siku ishirini na nane. Daktari anasema uwezekano ni mdogo sana, ila hana takwimu za kitu kilichokolezwa namna ile. Kisha akauliza kama nina mtoto anayenyonya. Ninaye. Kalo, miezi tisa. Basi asinyonye kwanza. Na kwa mume, kondomu.

Nyumbani nimesema jicho limeingiwa na kemikali. Fatai, mume wangu, akasema pole, akaendelea kufunga begi. Usiku huu anapeleka lori Melbourne.

Jumanne, 7 Machi

Kalo anaitema chupa. Analia mpaka anakuwa mwekundu. Mimi nakamua maziwa bafuni na kuyamwaga kwenye sinki. Mama Seini, mama mkwe wangu, tunayeishi naye, kanifuma.

"We Lupe! Maziwa ya mtoto unayamwaga?"

Nikasema dawa ya jicho ni kali.

"Dawa ya jicho inashuka mpaka kwenye ziwa? Makubwa!"

Anahudumia wazee kwenye makao yao hapa mtaani kwetu, Blacktown. Dawa anazijua.

Alhamisi, 9 Machi

Fomu ya ajali. Swali la sita: ulikuwa umevaa miwani? Nimeandika ukweli. Moira kaisoma yote amesimama.

"Umeandika kila kitu, eh?"

"Kila kitu."

Akaikunja. Vidonge vinanitia kichefuchefu tangu asubuhi.

Jumatatu, 13 Machi

Nimerudi kazini. Saa nne sanduku la barafu likaja kutoka chumba cha upasuaji: kipande cha utumbo, mgonjwa karidhia tukitumie. Tunakitenga kwa haraka, tunaweka virusi juu ya ule utando laini wa ndani, tunangoja, kisha tunatazama ni seli zipi zimevinasa. Kila mara ni zilezile za kinga, zenye matawi, zinazokaa kwenye utando kama walinzi. Kazi yao ni kumkamata mgeni na kumpeleka kwenye tezi, kwa seli T, askari wenyewe, akatambuliwe. Kwa kirusi hiki wanamkamata mwizi na kumpeleka kituoni, kumbe kituo ndicho alichokuwa anakitafuta. Seli T ndizo anazozaliana ndani yake.

Saa mbili zinatosha kwa hatua ya kwanza, hiyo ya kunaswa. Huo ndio ugunduzi wetu wa miaka mitatu, niliufurahia sana. Leo nimeusoma vingine. Toka tone hadi kidonge: saa moja na nusu. Na kwenye utando wa jicho seli hizo zipo. Chache, lakini zipo.

Majibu ya damu ya siku ile yamerudi, safi. Maana yake nilikuwa mzima kabla ya Jumatatu ile ya ajali. Haisemi zaidi ya hapo.

Jumatano, 15 Machi

Fatai alikuwa nyumbani jana. Nikaweka kondomu juu ya kabati, wazi kabisa. Nilikuwa nimejiandaa: ajali, miwani, siku ishirini na nane, usiogope. Hakuuliza. Akachukua moja, basi. Nikashukuru, sikulazimika kueleza. Leo kaondoka tena.

Jumamosi, 18 Machi

Mama Seini kaingia chumbani, kafunga mlango, kaweka boksi la vidonge vyangu kitandani.

"Dawa hizi nampa mzee mmoja pale kazini. Usiniambie jicho."

Nikamwambia yote. Hakusikiliza nusu yake.

"Ni Fatai, sivyo? Kakuletea."

"Hapana, Mama. Ni kazini."

"Unamficha. Baba yake nimemfichia maovu yake miaka thelathini, najua mtu anayeficha anavyokaa."

Nikachukua bahasha nikamchorea: jicho, tone, seli na matawi yake, njia ya kwenda kwenye tezi. Nilieleza vizuri, kama nawaeleza wanafunzi. Alitazama mpaka mwisho.

"Umechora vizuri, mwanangu," akasema. Kisha akalia, akanishika mkono, akaniomba msamaha kwa niaba ya mtoto wake. Sikujua niupokeeje msamaha usionihusu.

Jumapili, 19 Machi

Fatai kafika saa moja asubuhi. Mama Seini yuko jikoni, keshafunga kiunoni mkeka wake wa kuvalia kanisani, desturi ya visiwani kwetu, anafungia nyama kwenye majani ya magimbi. Mimi chumbani namvalisha Kalo. Siku hizi anaipokea chupa bila kelele.

Nikamsikia Mama akiuliza, sauti ya chini, bila salamu.

"Umempa mkeo ugonjwa?"

Nilisimama mlangoni, soksi mkononi. Nilishaanza kutabasamu, kweli. Nikajua atacheka, atasema Mama umerogwa, nami nitatoka nieleze mambo ya miwani, tumalize, twende kanisani.

Hakucheka. Bomba lilikuwa wazi, mtu akalifunga.

"Amekwambia nani?"

Ilikuwa sauti ya Fatai, polepole. Hakuuliza ugonjwa gani, kama ambavyo hakuuliza kondomu ni za nini.

Nimerudi kukaa kitandani. Kalo ana soksi moja. Naandika kwa sababu mkono unataka kitu cha kufanya. Jikoni kiti kimeburutwa. Viatu vya Fatai vinakuja kwenye korido — vimefika mlangoni — vimesimama.