Malka, si Malkia

Jumatano, 2 Julai
Nimechinja fahali wawili. Nyama imeisha kabla ya adhuhuri. Nimeosha gogo la kukatia nyama, nimelala kidogo nyuma ya bucha, nimeamka na hasira ileile. Sanduku la vitabu halijafika. Ofisi ya basi wananiambia kesho, kesho. Riwaya yangu ya kwanza, nimeiandika juu ya kaunta hii hii huku nafukuza inzi, halafu inalala stoo Malindi.

Mhariri wa Nairobi aliikatakata kama paja la mbuzi. Nikakubali, maneno yalikuwa mengi kweli. Ila sura ya saba nilimkataza asiiguse. Sura ya mauaji. Babu yangu na Wapokomo wenzake wanaifunga malka, ile njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa. Wanaijaza miiba. Waorma, wenye ng'ombe, wanakuja na mikuki. Humo mna mwanamke mmoja tu: Hawayu, msichana wa Kiorma aliyejificha na kibuyu cha maziwa akawaona wote wakifa. Yu hai mpaka leo. Ni bibi yake Barisa, anayeniuzia ng'ombe. Nilimwomba nitumie jina lake. Akakubali.

Ijumaa, 4 Julai
Kitabu kimefika! Jalada zuri. Nimekinusa. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Nimefungua sura ya saba.

Mola wangu.

Wameandika malkia. Kila penye malka, malkia. Hata sarufi wameinyoosha ilingane. Niliandika: "Tuliifunga malka kwa miiba, na kila mwanamume alitaka kupita." Wao: "Tulimfunga malkia kwa miiba, na kila mwanamume alitaka kupita." Niliandika: "Tuliigombea mpaka ikajaa damu." Wao: "Tulimgombea mpaka akajaa damu."

Mwanamke ni mmoja tu sura nzima. Msomaji atadhani tulimbaka nani, kama si Hawayu?

Nimempigia mhariri. Eti alidhani nimekosea herufi, neno hilo halimo kwenye kamusi yake. Nakala ya mwisho hawakunitumia, eti muda ulibana. Nimemtukana matusi nisiyoweza kuyaandika hapa. Vitabu vimeshasambazwa.

Jumatatu, 7 Julai
Nimekwenda kwa Barisa nimweleze kabla hajasikia. Hayupo, kapeleka mifugo mbali. Nimechelewa. Ukurasa umepigwa picha, unazunguka kwenye simu Garsen nzima.

Jumanne, 8 Julai
Guyo, mdogo wake Barisa, ameingia bucha wateja wamejaa. Hakusalimu. Rungu la kwanza likavunja mizani. La pili, mkono wangu wa kushoto. Nilisikia mfupa. Alikuwa akipiga kelele moja tu: "Bibi yangu! Bibi yangu!"

Nikashika kisu. Sikutaka kumtisha, nilitaka kumchana. Kikampata begani. Damu yake ikamwagika kwenye gogo, ikachanganyika na ya ng'ombe, na mimi nikafurahi. Nilifurahi kweli. Watu wakatutenganisha.

Alhamisi, 10 Julai
Mkono una plasta. Hilo si kitu.

Vijana wetu wamekuja kunipongeza. Wapokomo wenzangu! Wamenunua kitabu. Eti babu zetu walikuwa wanaume, eti waliwakomesha hao. Nikawaambia ni kosa la uchapaji. Malka, njia ya ng'ombe, nyie hamjui malka? Mmoja akacheka. "Mzee, usiogope. Tuko na wewe." Nimemzaba kofi kwa mkono mzima.

Wameondoka wakikata miiba.

Jumamosi, 12 Julai
Wameifunga malka. Kiangazi hiki, ng'ombe wa Waorma wamesimama juani wakilia, maji wanayasikia harufu. Asubuhi kijana wetu amechomwa mkuki pajani. Mchana nyumba za Waorma zimechomwa moto. Mama mmoja katoka na nywele zinawaka, watu wakamtupia mchanga. Niliona.

Ile sura niliiandika nikiwa nimeshiba, nikichagua maneno mazuri ya moto. Najidharau. Mtu akifa hapa, kitabu changu ndicho kimemuua.

Jumatatu, 14 Julai
Barisa amerudi. Kaja bila fimbo. Akauliza: "Uliandika nini hasa?" Nikamsomea muswada wangu wa mkono, mstari kwa mstari. Kisha akasema twende.

Mbele ya miiba wazee wa pande zote mbili, polisi katikati. Nikasoma sura nzima. Barisa akatafsiri kwa Kiorma. Vijana wetu wakanizomea, wakaniita msaliti, jiwe likanipata mgongoni. Nikaendelea. Nilipomaliza nikaanza kuvuta miiba kwa mkono mmoja. Nikalia mbele za watu, sikujali. Guyo akaja na bega lake limefungwa, akavuta upande wa pili. Hatukutazamana. Wengine wakashika.

Ng'ombe wamekunywa. Hakuna aliyekufa. Alhamdulillahi.

Alhamisi, 18 Septemba
Mvua bado. Mchapishaji amenitumia vikaratasi vya masahihisho. Nimevibandika vyote mwenyewe, sura ya saba, kitabu baada ya kitabu.

Mteja amenunua kilo ya nyama na kitabu. Amefungua, ameona karatasi. Akanirudishia. "Hii siyo. Nataka ile ya malkia." Sikumpiga. Nimechoka.

Barisa kaleta ng'ombe. Tumekunywa chai. Akasema yeye ananiamini, na Guyo sasa ananiamini, hata wazee wameelewa. Nikamuuliza habari za bibi, nikitaka kwenda kumwomba radhi.

Amehamia Chewele, kwa binti yake. Alikuwa hawezi tena kupita sokoni. Watoto walikuwa wakimwita Malkia, akageuka akawauliza maana yake ni nini, wakamwambia.