Umiliki wa Mashua Mbayuwayu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Iringa Mjini
Tarehe: 9 Septemba 2025, saa 5:20 asubuhi
Jina: Esnath Aroni Mwakalinga
Umri: Miaka 57
Kabila/Dini: Mnyakyusa, Mlutheri
Kazi: Karani mstaafu wa shule ya sekondari
Makazi: Matema, Wilaya ya Kyela, Mbeya

Mimi ni mtoto pekee wa marehemu Aroni Mwakalinga, seremala. Tarehe ninazotaja zimo katika shajara yangu, isipokuwa za kabla sijazaliwa na za utotoni mwangu, ambazo niliambiwa na baba.

Mbayuwayu ni mashua ya tanga ya mashindano, urefu mita nane, mbao za mkangazi. Iliundwa Ulaya mwaka 1938 na kuletwa Ziwa Nyasa na mzungu mwenye shamba la chai Tukuyu. Baba alikuwa baharia wake kwenye mashindano. Mnamo tarehe 14 Januari 1971 mzungu huyo aliondoka nchini, akamwachia baba mashua kwa barua. Barua nimeikabidhi hapa kituoni.

Tangu mwaka 1985, kila Juni, mimi na baba tuliitoa bandani, tukaziba nyufa kwa pamba na lami, tukaipaka rangi. Mnamo tarehe 6 Agosti 2019 baba aliniambia, "Esi, nikifa mashua ni yako. Wengine wataiona kuni." Tulikuwa wawili tu.

Baba alifariki tarehe 2 Machi 2024. Kikao cha ukoo kilikaa Matema tarehe 9 Machi, saa 4:00 asubuhi hadi 8:30 mchana. Nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko wangu, kama kila msiba kwetu. Katibu anaandika ya wengine, hachangii. Baba mdogo Sosthenes alisema, "Vitu vya bandani ni vya kiume, vinakuja kwangu. Katibu, andika." Niliinua kalamu kuomba nafasi ya kusema. Shangazi Yusta akaniambia, "Na mashua uipeleke wapi, mwanangu? Utavulia dagaa wa usipa?" Watu walicheka. Niliishusha kalamu, nikaandika.

Mnamo tarehe 5 Septemba 2025, saa 1:00 asubuhi, nilikuta banda tupu. Baba mdogo alikuwa anakunywa chai. Akasema, "Imekwenda Iringa, hotelini kwa Farhan. Shida iko wapi? Huna hata mtoto wa kuipanda."

Jana, tarehe 8 Septemba, saa 8:40 mchana, niliikuta nyuma ya hoteli hiyo imelazwa juu ya magogo. Fundi alikuwa ameipiga mstari wa chaki katikati. Nilimuuliza wa nini. Akajibu, "Tunaikata, mama, iwe kaunta ya mapokezi. Mbao kama hii Mafinga nzima hupati." Nilimwambia asiiguse. Nilikuja hapa kwa miguu nikaripoti wizi, na askari alikwenda kusimamisha kazi.

Leo saa 3:15 asubuhi Bwana Farhan alifika hapa na karatasi aliyopewa na baba mdogo. Alinisalimu kwa heshima, akasema, "Mama, mimi nimeuziwa kwa hii." Ilikuwa nakala ya muhtasari wa kikao.

Nimeulizwa na afande kama muhtasari huo ni wa kughushi. Si wa kughushi. Mwandiko ni wangu, kurasa zote tatu, na sahihi ya katibu ni yangu. Nimeulizwa kama nililazimishwa. Hapana. Nimeulizwa kama nilimwonyesha mtu yeyote barua ya mzungu, au kutaja maneno ya baba, siku ile. Hapana. Barua ilikuwa ndani ya mkoba wangu, chini ya kiti.

Ninaomba mashua isikatwe.

Nimesema niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, ni sahihi.

Sahihi: E. A. Mwakalinga

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami, D/Koplo Devotha, na kumalizika saa 7:05 mchana. Shahidi amekiri kuandika na kusaini muhtasari. Kosa la wizi halijabainika. Ameelekezwa afungue shauri la mirathi mahakamani. Zuio la kazi limeondolewa saa 7:30. Shahidi ameuliza kama anaweza kusubiri hapa kituoni hadi basi la kesho. Amekubaliwa.