Bakuli la Kioo la Mama Hadija

Dada Rehema,

Hapa Gisenyi mvua imekatika, ziwa limetulia, nami nimeshiba vidagaa vya sambaza. Mwenyeji wangu, Mama Hadija, alileta chai na bakuli la kioo, pacha wa lile la Baba. Kwa hamu nikaligeuza kutafuta mshono wa kalibu ya kumiminia kioo, nikasahau limejaa sukari! Ikamwagika yote mezani. Lakini mshono upo, unagusika kwa ukucha kama uzi. Kumbe maua yale ya ubavuni yametoka kwenye kalibu, hayakuchongwa kwa mkono kama Baba anavyowatambia wageni.

Mama Hadija alicheka huku akizoa sukari: "Tunajua. Lakini bwana yangu anasemaka walichonga na mukono, tunamuachaka tu."

Na sisi tumwache wetu. Kadi hii haina bahasha, dada. Ifiche kabla Baba hajavaa miwani.

Mdogo wako akupendaye,
Salma