Mchezo wa Mtu Mmoja

Jumatatu, 2 Juni 1975
Karata imekwama tena. Ile ngumu: karata zote wazi, nafasi nne tu za kuegeshea, ukikwama huna wa kumlaumu. Sudi alinifundisha siku za uchumba. Sasa mume wangu amejificha darini, juu ya meza hii hii, kwa sababu alikataa kumtolea mkubwa mmoja sukari ya ghala alilolisimamia. Nikichanganya karata kwa kelele, asipumue. Hiyo ndiyo kengele yetu.

Tunangoja lori la Busia, limvushe mpaka. Dereva anasema kesho. Kila siku kesho.

Jumanne, 3 Juni
Askari wamekuja. Asubuhi, chai bado ya moto. Sudi alikuwa ameteremka kunywa. Akapanda na funda mdomoni. Nami, mjinga wa mwisho, nikakumbuka karata, nikasahau vikombe.

Wawili walipekua chumbani. Wa tatu, sajini mnene, alisimama mezani.

"Mama, hii mchezo ni ya mtu moja. Kikombe mbili ya nini?"

"Cha jirani, afande."

Akanitazama. Kisha akahamisha saba ya kopa juu ya nane ya shupaza. Sikuwa nimeiona! Wakaondoka. Nikaosha vikombe vyote viwili.

Alhamisi, 5 Juni
Sajini karudi, peke yake. Anataka karata. Nikapanga ile rahisi ya safu saba, inayokwama upesi, ili aende zake. Ikakwama. Akasema mchezo ukiachwa njiani una mkosi, tupange upya. Tukapanga. Tena na tena.

Juu, Sudi akakohoa. Nikakohoa na mimi, kwa nguvu. Koo limechubuka kwa kikohozi cha mtu mwingine. Sajini hakuinua macho. Namchukia. Anacheza vizuri, na hilo linaniudhi zaidi.

Ijumaa, 6 Juni
Kaja tena. Vumbi la dari likadondoka juu ya malkia wa uru. Akalipuliza, akaendelea. Siwezi kula. Ee Mola, lori.

Jumapili, 8 Juni
Lori limekuja alfajiri. Sudi kaenda chini ya mikungu ya matoke. Hatukuagana vizuri, dereva alikuwa anafoka. Nimeshinda kitandani.

Jumatano, 11 Juni
Dereva kaniambia: kavuka, yuko kwa shangazi yake. Nikalia, nikanawa uso, nikapanga ile ngumu.

Sajini akabisha. Sikuchanganya kwa kelele. Hapakuwa na wa kuonya. Akaangalia meza. Akaangalia dari.

"Leo kikombe moja," akasema, polepole.

Alijua. Tangu chai ile ya moto alijua. Na wale wenzake hawajarudi kupekua tangu aanze kukaa hapa.

Nikaleta kikombe cha pili, nikamjazia. Chai haina sukari. Akanywa.

Tukakwama mapema. Hakutaka tupange upya.