Mudir Alivyozuiwa na Bamvua

Vitongoji, Pemba
3 Novemba, 1936

Mpendwa mdogo wangu Mmanga,

Assalaam alaykum. U hali gani huko Mombasa, na kifua chako je, kimepoa? Sisi huku wazima, ila magoti yangu tu ndiyo yamesahau ujana. Usiucheke mwandiko, mkono huu umezoea kukata vitovu, si kushika kalamu. Mwanao Mize hajambo, hajambo sana, na habari zake ndizo zilizonikalisha kitako nikuandikie. Lakini tulia, nianze mwanzo.

Mwaka jana zilikufikia salamu za msiba. Mize aliposhikwa na uchungu kule kwa mumewe Mkondoni, ng'ambo ya mkono wa bahari, mimi mkunga nilisimama upande wetu, maji yamejaa, ngalawa zote ziko baharini, hapana pa kupita. Nilipovuka, mtoto alikwisha kufa. Siku ile nikaapa: tutapata daraja, au nitakufa nikilidai.

Mwalim Hashil wa chuo cha Kurani akatuandikia barua ya maombi kwa mudir wa serikali, na wanawake arobaini tukatia dole gumba. Jirani yetu Mzee Turki akatucheka barazani: "Wake na daraja, wapi na wapi?" Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikaleta karani. Naye akaja saa nne asubuhi, maji yamekupwa, akavuka na viatu vyake miguuni, akaandika kwamba pale ni pakavu na daraja halina haja! Mmanga, nilicheka kwa hasira.

Hata wiki haijapita tangu karani aondoke, Mize akanambia ana mimba. Nikafurahi na kuogopa kwa pamoja. Nikawaita wanawake wenzangu, nikawaambia kalamu imeshindwa, sasa tujaribu pilau.

Tukaandaa maulidi ya mchana Mkondoni, mwezi kumi na tano Mfungo Sita, siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku zote, tukamwalika mudir. Mwaliko wa maulidi nani aukatae? Akaja asubuhi, akapita pakavu kama karani wake, na joho lake lenye zari. Tukamsomea, tukamlisha, tukamzidishia. Kila akitaka kuinuka analetewa kingine: mara halua, mara tende, mara kahawa. Saa nane aliposhuka pwani, mikoko ilikuwa imezama nusu na mkondo unavuta. Akauliza ngalawa. Tukamwambia kweli tupu: wanaume wamekwenda nazo kuvua.

"Maji haya yatakupwa saa ngapi?"

"Baada ya Magharibi, bwana. Kaa kitako."

Akakaa. Alasiri akasali palepale ukingoni. Mimi nikajitanda kanga yangu vizuri, nikamwendea na birika.

"Bwana mudir, weye wangoja na kahawa nkononi," nikamwambia. "Ntoto wa ndugu yangu alingoja na uchungu, na mie nimesimama ng'ambo ile naangalia."

Akayatazama maji. Kisha akaniuliza kama tulijua kuwa leo ni bamvua.

"Bwana, ntu wa pwani asojua bamvua ni yupi?"

Mudir akacheka mpaka kilemba kikalegea. Nilimpenda pale pale, nakwambia.

Siku kumi hazikutimia, akaleta mbao, misumari na fundi. Sisi tukatoa boriti na mawe, wanaume wakikata, wanawake tukibeba. Kazi ikawa inashindana na tumbo la Mize. Kila nikipita nawapigia kelele, "Tumbo halingoji nyie!" Na unajua nani hushinda darajani siku hizi, akiwasimulia wapita njia jinsi "tulivyolipigania"? Mzee Turki! Nimemwachia, maana nyundo aliishika kweli.

Sasa sikiliza. Ijumaa iliyopita, saa kumi, maji yamejaa pomoni, nikaitwa. Nikachukua mkoba wangu, nikapita darajani. Nililia pale katikati, ndugu yangu, lakini sikusimama. Nikafika miguu mikavu. Kabla ya Magharibi mjukuu wako alipiga ukelele ulioamsha kuku waliokwisha kulala. Msichana, mzima kabisa, na pua ni yako, maskini mtoto wa watu.

Mize amemwita Mwanapili. Mumewe alikuwa na jina jingine, Mize akakataa. Anasema yule wa kwanza naye lazima ahesabiwe.

Njooni kwenye arobaini yake. Mamdogo wetu Bi Moza akusalimu, na Mwalim Hashil, na Mzee Turki, ambaye atakupokea darajani utake usitake. Nisalimie sana mkeo Thuraiya; mwambie amekuwa bibi, avae na kujifukiza udi. Mwenyezi Mungu awape afya na awafikishe salama.

Na mkifika Vitongoji, msiulize maji ni ya saa ngapi. Nyie vukeni tu.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mwatima binti Shaame